Gundi Chini ya Pasi

Wiki hii tunasema juu ya pasi, na sababu ni shati moja jeupe.

Shati lilikuwa la kijana anayejitayarisha kwa mtihani wa serikali. Mama yake alilileta Jumatatu, kola imefumuka upande mmoja, naye alilitaka kabla ya Ijumaa. Kazi ndogo. Lakini kabla ya hapo binti mmoja anayejifunza kushona kwetu alikuwa anatia kitambaa cha gundi ndani ya mkanda wa sketi. Alikilaza upande wa gundi ukitazama juu, akaweka pasi. Gundi ikaganda kwenye pasi, asione. Akachukua shati, akapitisha pasi juu ya kola, ukabaki mstari mweusi unaonata, mrefu kama kidole.

Alilia sana, akifikiri tutamfukuza. Familia yake ni kati ya zile zilizokimbia baada ya mashambulizi ya Boga na Tchabi, mwisho wa mwezi wa tano 2021, na kushona ndiko anakotegemea. Sisi tulitazamana. Tulimfundisha kukata, kupinda, kutia vifungo. Upande wa gundi hatukumwonyesha hata siku moja.

Basi tuanze hapo. Pitisha kidole juu ya kitambaa hicho. Upande ulio laini ni kitambaa tu. Upande wenye vidoti vidogo, unaokwaruza kidogo na kung'aa kwenye mwanga, ndio wenye gundi. Huo unalalia nguo. Kikate kiwe kidogo kuliko nguo kisitokeze pembeni, ukifunike kwa kitambaa kikuukuu cha pamba, ndipo ukandamize, uhesabu mpaka kumi, uinue pasi na kusogea. Usiivute kama unanyoosha shuka.

Na kama gundi imekwisha kushika? Wengi hukimbilia kisu. Gundi ikipoa inakuwa ngumu, na kisu kinachubua chuma. Ipashe tena moto ndipo itakubali kutoka.

Wengi wetu tunatumia pasi ya makala, maana sola za nyumbani zinawasha taa na kujaza simu, lakini pasi ya umeme haziiwezi. Pasi ya makala ni chuma kitupu chini, inavumilia. Peleka kazi hii nje, kwa sababu makala ndani ya chumba kilichofungwa yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Tandaza gazeti la zamani, mwaga juu yake chumvi nene kiganja kimoja (ile ya mawe ya Katwe, Uganda, ukiiponda kidogo, ni nzuri sana), kisha sugua pasi ya moto huku na huku. Chumvi itageuka rangi ya kahawia. Itupe, mwaga nyingine. Usitandaze gunia la nailoni, litayeyuka nalo na utakuwa na kazi mbili! Mwishoni funga kipande cha mshumaa ndani ya kitambaa, pitisha chini ya pasi, upanguse kwa pamba safi mpaka kitambaa kisitoke na alama.

Pasi ya umeme yenye rangi nyeusi inayoteleza haitaki chumvi wala sukio la chuma. Ipashe kidogo, chomoa waya, pangusa kwa kitambaa cha pamba chenye unyevu, rudia. Na yenye matundu ya mvuke usiipake mshumaa, nta itaziba matundu.

Dawa ya kuondoa rangi ya kucha nayo inayeyusha gundi, lakini ni kwa pasi ya chuma iliyopoa kabisa, isiyo na kaa hata moja. Mmoja wetu alikwisha kufungua kichupa karibu na pasi iliyojaa makala. Tulimshika mkono. Dawa hiyo inawaka kama petroli. Wengine wanasugua kidonge cha parasetamoli juu ya pasi ya moto. Kinafanya kazi, lakini moshi wake unachoma macho, na sisi tunaona heri kidonge kingoje homa ya mtoto.

Shati je? Tulilaza kitambaa kikuukuu juu ya mstari, tukakandamiza kwa pasi safi, tukakivua kingali moto ili gundi ihamie kwake. Mara nne. Kunata kukaisha, weusi ukabaki kidogo, hata baada ya sabuni. Basi tulifumua kola yote, tukaigeuza, upande wa ndani ukaja nje, kama mafundi wa zamani walivyofanya kola ikichakaa. Aliyeishona ni binti yuleyule.

Mama wa kijana tulimweleza yote kabla hajalipa. Hatukuchukua pesa yake. Uzi ulitoka katika sanduku la umoja. Binti hakukatwa kitu.

Sasa karibu na meza ya pasi tumetundika kitambaa cheupe. Kila anayeshika pasi anapangusia hapo kwanza. Kimekwisha kuwa na madoa matatu.