Gongo halali ni lipi, na nani mwenye kuamua?

Softiboli imerudishwa katika orodha ya Michezo ya Olimpiki ya mwaka 2028 huko Los Angeles. Kwa walimu na wanafunzi wa Sarang'ombe, habari hiyo yaweza kuonekana kama ngoma ichezwayo ng'ambo ya mto. Hapa kwetu, kuanzia Olympic na Gatwekera hadi kwa majirani zetu wa Kawangware, mtoto huijua kandanda kabla hajajua kusoma, na yamkini hajapata kuliona gongo la softiboli. Hata hivyo, ndani ya mchezo huo mna swali ambalo naona linatuhusu: mwamuzi huamuaje kwamba gongo hili ni halali na lile si halali? Swali hilo ni dogo kwa sura, lakini limebeba suala zima la nani huruhusiwa kuingia uwanjani na nani hubaki nje ya ua.

Kabla ya mchuano kuanza, timu huyapanga magongo yake mbele ya mwamuzi, naye hufanya kazi tatu. Kwanza hupima. Urefu wa gongo usizidi inchi 34, yaani sentimita 86.4, uzito wake usizidi aunsi 38, ambazo ni kilo moja na ushei, nao unene wake usizidi inchi 2 na robo. Kwa kipimo hicho cha mwisho mwamuzi huwa na pete maalumu, na gongo lisilopenya katika pete huwekwa kando. Pili, hulikagua kwa jicho na kwa mkono. Je, lina ufa? Limebonyea? Lina ncha iwezayo kumjeruhi mtu? Likitikiswa, kuna kitu kinachocheza ndani? Kishikio chake kimefungwa barabara kisije kikamponyoka mpigaji? Tatu, hutafuta alama ya idhini iliyochapwa juu yake, kisha hulinganisha jina la gongo na orodha ya magongo yaliyokubaliwa. Kwa kanuni zinazofuatwa Marekani, mpigaji anayeingia na gongo lisilo halali hutolewa katika zamu yake. Na likibainika kuwa limechokorwa ili lipate nguvu zaidi, hufukuzwa mchezoni kabisa.

Naomba msomaji atofautishe kazi hizo. Mbili za kwanza hufanyika hadharani. Mwanafunzi yeyote mwenye futikamba na mizani aweza kuhakikisha kwamba mwamuzi hakumwonea. Wanafunzi wetu wa sekondari wachezao mpira wa magongo wanaujua utaratibu wa aina hiyo, kwani gongo la hoki nalo sharti lipenye katika pete yenye kipenyo cha milimita 51. Pete haimjui tajiri wala maskini. Kazi ya tatu ni ya namna nyingine. Pale uwanjani mwamuzi hapimi nguvu za gongo. Anachofanya ni kuamini neno la maabara iliyo mbali, ambalo limegeuzwa kuwa mhuri.

Mhuri huo haukuzuliwa kwa sababu ya kiburi. Zamani magongo yalikuwa ya mbao. Yalipokuja ya alumini, na baadaye yale ya nyuzi za kaboni, yakawa matupu ndani, na kuta zake nyembamba zikawa zinabonyea na kurudi upesi kama ngozi ya ngoma. Mpira ukawa unatoka kwa kasi ambayo mbao haiwezi kuitoa. Ndipo chama cha softiboli cha Marekani kilipoweka kanuni, iliyoanza kutumika mwaka 2004, kwamba gongo lisiurushe mpira kwa kasi inayozidi maili 98, takriban kilomita 158, kwa saa. Katika mchezo wa wanawake, mrushaji husimama mita 13.11 kutoka kwa mpigaji. Mpira wa kasi hiyo humfikia kwa muda usiotimia hata thuluthi moja ya sekunde. Hakuna mzazi atakayetaka binti yake asimame hapo mbele ya gongo lisilojulikana nguvu zake.

Lakini mhuri nao una upofu wake. Wako waliogundua kwamba gongo lenye kaboni laweza kufunguliwa na kukwanguliwa ndani hadi ukuta ukawa mwembamba zaidi, huku alama ya nje ikibaki iking'aa kama ilivyotoka kiwandani. Ndiyo sababu katika mashindano makubwa ya Marekani kumeletwa mashine ya kulibana gongo ili kupima ugumu wake. Wakenya tumeliona jambo linalofanana na hilo katika riadha. Katika marathoni ya Vienna, Septemba 2021, Derara Hurisa wa Ethiopia alifika wa kwanza, kisha akaondolewa kwa kuwa soli za viatu vyake zilikuwa na unene wa sentimita 5 ilhali ukomo ni sentimita 4. Viatu alivyoviandikisha kabla ya mbio sivyo alivyovivaa. Ushindi ukamwendea Mkenya Leonard Langat. Fomu ilisema hivi, na mguu ulisema vile. Rula ndiyo iliyokata shauri.

Sasa tuurudishe mjadala nyumbani. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, umeifanya Sanaa na Sayansi ya Michezo kuwa mojawapo ya njia tatu za Sekondari Pevu. Maana yake ni kwamba mchezo si burudani ya baada ya masomo tu; ni masomo yenyewe, na huenda ukawa riziki ya mtu. Basi kifaa cha mchezo ni sawa na kitabu. Gongo bora la kaboni huuzwa Marekani kwa zaidi ya dola 300. Ni shule ipi ya mtaa huu, ambayo madarasa yake yalifurika tangu elimu ya msingi ilipofanywa kuwa bila malipo mwaka 2003, itakayotoa fedha hizo kwa kijiti kimoja? Ikiwa wasimamizi wetu watazinakili kanuni za ng'ambo bila kuzisoma, watakuwa wamemfungia mtoto wa Sarang'ombe mlango kabla hajabisha hodi.

Nasema bila kuzisoma, kwa sababu kanuni zenyewe zimeacha mlango wazi. Chama cha Little League, ambacho huendesha besiboli na softiboli ya watoto katika nchi nyingi, hakidai alama ya nguvu kwa gongo la mti mmoja usio na uwazi ndani. Sababu ni ya kisayansi: mbao nzima haina ukuta wa kubonyea na kurudi, kwa hiyo nguvu zake zina mpaka wa kimaumbile. Gongo kama hilo hutakiwa kutimiza vipimo vya urefu na unene tu. Mafundi wa jua kali wa Barabara ya Ngong, ambao hukereza miguu ya viti na vitanda kila siku, wana ujuzi wa kulitengeneza. Wala tusione haya. Softiboli ilipozaliwa Chicago mwaka 1887, gongo la kwanza lilikuwa mpini wa ufagio, na mpira ulikuwa glavu ya ndondi iliyofungwa kwa kamba.

Atakuwapo wa kuniuliza: je, watoto waliozoea mbao watafanyaje watakapokutana na wenzao wa nchi nyingine? Jibu langu ni kwamba kila ngazi iwe na kipimo kiifaacho. Katika mashindano ya wadi na ya kaunti ndogo, futikamba, mizani na pete vinatosha, mradi magongo yawe ya mbao nzima. Timu ikifika ngazi ya taifa na ya kimataifa, hapo orodha na mhuri vitumike, na anayeiteua timu ndiye alipie magongo.

Nawasihi pia walimu wanaosimamia michezo wazingatie mambo matatu. Kanuni ya vifaa iandikwe kwa lugha ambayo manahodha wanaielewa, nayo ibandikwe ukutani kabla ya siku ya mashindano. Ukaguzi ufanyike mbele ya timu zote mbili. Na mwamuzi anayelikataa gongo aonyeshe kipimo kilicholikataa. Hata pete yenyewe yaweza kukatwa na wanafunzi katika kipindi cha Hisabati, nao wakajifunza kipenyo ni nini na haki ni nini kwa mpigo mmoja.

Mtoto akikataliwa kwa kipimo alichokiona kwa macho yake, atarudi kwa fundi na kulichonga upya gongo lake. Akikataliwa kwa sababu ya mhuri asioujua, atarudi nyumbani, na sisi hatutajua tumempoteza nani.