Ukinipa wimbo, nipe na majina

Nina ombi kwa kila anayependa muziki na anayependa kuugawa. Ukimpa mwenzako wimbo, mpe na majina: bendi, mtunzi, mwimbaji, waliopiga vyombo, na mwaka ukiujua. Ukimpa albamu, mwambie aisikilize yote, kuanzia wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho, kisha kaeni mzungumze kila mmoja amesikia nini. Muziki wetu sasa unasafiri kwa kasi ambayo haijawahi kuonekana, lakini wenye muziki wanaachwa njiani.

Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro. Mikono yangu ina kazi mchana kutwa, masikio yako huru, kwa hiyo nasikiliza sana. Majirani na wateja wanalijua hilo. Anayekuja kupimwa gauni ananirushia wimbo kwenye simu kabla hajaondoka. Kijana wa bodaboda anayeegesha mbele ya kibanda ananiletea flashi imejaa pomoni. Nawashukuru wote. Lakini nikifungua nakuta “Zilipendwa Mchanganyiko”, au namba tupu, au jina la mtu aliyekusanya nyimbo hizo badala ya jina la mtu aliyeziimba. Mimi nguo nikiishona naitia lebo yenye jina langu ndani ya kola. Mtu aliyetunga wimbo uliodumu miaka hamsini hastahili kupata pungufu ya hapo.

Tujue majina haya yalipotelea wapi. Kwa miaka mingi bendi zetu ziliingia studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, zikarekodi, na kanda zikabaki palepale redioni kwa ajili ya kurushwa hewani. Nyimbo nyingi hazikupata santuri wala jalada la kusoma. Msikilizaji alimtegemea mtangazaji: yeye ndiye aliyetaja bendi, mtunzi na mwimbaji. Sasa fikiria mtu aliyekaa nyumbani na redio kaseti yake, anataka kuuhifadhi wimbo. Anasubiri mtangazaji anyamaze ndipo abonyeze kitufe, maana hataki maneno, anataka muziki. Kaseti ile ikanakiliwa ikawa kaseti nyingine, ikaingia kwenye CD, ikaingia kwenye kompyuta ya kijana anayeuza nyimbo stendi, ikaingia kwenye simu yako. Jina lilikatwa tangu siku ya kwanza, na hakuna aliyelirudisha.

Nyimbo zilizobahatika kutolewa kwenye santuri zilipata ajali nyingine. Santuri ndogo haikutosha wimbo mrefu, kwa hiyo wimbo uligawanywa: upande huu sehemu ya kwanza, upande wa pili sehemu ya pili. Sehemu ya kwanza ina kisa na mashairi, ya pili ndiyo yenye chemko, magitaa yanapojibizana na watu kuinuka vitini. Mtu akikutumia sehemu ya kwanza peke yake bila kukwambia kuna nyingine, amekupa hadithi isiyo na mwisho, nawe unabaki unadhani ndivyo wimbo ulivyo.

Mji wangu huu ni ushahidi. Morogoro ilikuwa na Salum Abdallah na Cuban Marimba yake. Alifariki mwaka 1965, na Juma Kilaza akaishika bendi ikaendelea kutikisa. Morogoro ilikuwa na Mbaraka Mwinshehe, aliyeanza kung’ara na Morogoro Jazz, akaenda nayo Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo 70, kisha mwaka 1973 akaunda Super Volcano. Mwaka 1979 ajali ya gari ikamchukua akiwa Mombasa. Mbaraka alitunga, aliimba na alipiga solo mwenyewe. Leo nyimbo zake zinapigwa kwenye baa na sherehe za mji huu, na wapo vijana wanaozicheza hatua kwa hatua bila kujua kwamba mtu huyo alikanyaga barabara hizi wanazozikanyaga wao.

Linaloniuma zaidi ni kwamba majina yapo, ila yameandikwa mbali. Nyimbo za Salum Abdallah za miaka ya 1955 hadi 1965 zilikusanywa Ujerumani kwenye albamu iitwayo Ngoma Iko Huku. Bendi ya Mlimani Park ilitolewa albamu Marekani na kampuni ya Africassette, ikaitwa Sikinde. Mfululizo wa Zanzibara, wenye taarabu ya Zanzibar na Mombasa pamoja na muziki wa dansi wa bara, umetolewa Ufaransa. Albamu hizo zina vijitabu vyenye maelezo ya wanamuziki na picha zao. Nawapongeza waliofanya kazi hiyo, waliifanya kwa heshima. Lakini haiwezekani mtu wa Paris asome habari za mpiga gitaa wa Dar es Salaam huku mtu wa Msamvu, hapa Morogoro, akikosa hata jina lake. Hapa nyumbani wapo waliojitahidi, kama John Kitime, mpiga gitaa mwenyewe, ambaye amekuwa akiandika historia ya bendi zetu. Kazi hiyo haiwezi kuachiwa watu wawili watatu.

Mtu ataniuliza: jina linaongeza nini kwenye utamu? Linaongeza mengi, na nitaeleza kwa ninachokifahamu.

Jumapili jioni huwa tunakutana wapenzi wa dansi nyumbani kwa mzee mmoja mwenye santuri na kaseti nyingi. Tunaleta kila mtu alichosikiliza wiki hiyo. Kanuni yetu ni moja: hupigi wimbo kabla hujasema ni wa nani. Safari moja tuliamua kumfuata mwimbaji Muhiddin Maalim Gurumo peke yake. Gurumo alikuwa NUTA Jazz tangu ilipoanzishwa mwaka 1964. Bendi ile ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na kila chama kilipobadili jina, bendi nayo ilibadili: ikawa JUWATA, ikawa OTTU, na leo ni Msondo Ngoma. Mwaka 1978 Gurumo aliondoka akawa miongoni mwa waasisi wa Mlimani Park, wana Sikinde. Mwaka 1985 akahamia Safari Sound, kwenye mtindo wa Ndekule. Baadaye akarudi Msondo.

Tulizipanga nyimbo kwa kufuata njia hiyo, moja baada ya nyingine. Sauti ni ileile, nzito, haina papara, lakini kila bendi inaipokea kwa namna yake. NUTA inamwachia nafasi, ala zinasubiri amalize. Sikinde inamzungushia magitaa kila upande, na anapopokezana na Hassan Bitchuka mwenye sauti nyembamba ya juu, unasikia wanaume wawili wakilieleza jambo lilelile kutoka pande mbili. Nyimbo hizo nilizijua zote tangu utotoni. Ila kwa kujua ni nani anaimba, alitoka wapi na alimwacha nani, nilizisikia kwa mara nyingine kama habari ya maisha ya mtu mmoja. Faili lisilo na jina halina njia ya kukuonyesha hilo.

Ndivyo ilivyo kwa vyombo. Mzee wetu aliniambia niusikilize wimbo wa Sikinde kwa kulifuata gitaa la rizimu pekee, niache waimbaji, niache solo. Halisemi mengi, linarudia, lakini ndilo linalobeba kila kitu. Solo linaweza kwenda kutembea kwa sababu rizimu imebaki nyumbani. Kisha akanitajia watu: Abel Balthazar, Joseph Mulenga, Michael Enoch aliyetoka Dar es Salaam Jazz na ambaye wengi walimwita King. Tangu hapo nikisikia gitaa nauliza nani anapiga. Nimekuwa msikilizaji bora kwa sababu mtu alinigawia alichokisikia yeye, hakuishia kunitumia wimbo.

Kuna pia suala la haki. Tanzania ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, na COSOTA, taasisi ya hakimiliki, ipo kwa ajili hiyo. Mirabaha inalipwa kwa mtu mwenye jina. Wimbo uliozagaa ukiitwa “zilipendwa” hauna wa kulipwa, na mjane wa mtunzi au mwanawe hana pa kuanzia kudai. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mwaka 2013 Diamond Platnumz alimzawadia Gurumo gari, mzee huyo akiwa anastaafu muziki baada ya miongo mitano. Aliaga dunia Aprili 2014. Watu wengi waliisifia zawadi ile, nami naisifia, lakini najiuliza ni wapiga besi na wapiga tumba wangapi wa rika lake wasingeweza kupewa chochote na yeyote, kwa kuwa hakuna aliyeyajua majina ya kuwatafutia.

Najua pingamizi lipo. Vijana wanasema wazee wa dansi tumeyageuza majina kuwa mtihani. Kijana akisema anaupenda wimbo fulani, anaulizwa papo hapo: unajua nani alipiga tarumbeta? Asipojua anachekwa, na kesho haji. Hapo vijana wana haki kabisa. Jina ni zawadi, halifai kuwa rungu. Anayejua ndiye mwenye wajibu wa kutaja. Asiyejua hana deni lolote. Pale kwa mzee wetu mtu akisema “huu siujui wa nani, ila naupenda”, tunausikiliza kwanza, kisha tunatafuta pamoja. Tena ni raha ya aina yake watu wazima kubishana kwa amani kuhusu nani aliimba kiitikio, mpaka mmoja akumbuke sauti ya Cosmas Chidumule, kabla hajahamia kwenye muziki wa Injili.

Na wazee nao wana la kusikia. Wapo wanaosema muziki uliisha zamani, wa sasa ni kelele. Mtu wa namna hiyo anataka kugawa tu, hataki kugawiwa, na urafiki wa muziki hauendi hivyo. Yule kijana wa bodaboda siku moja aliniambia, “Mama, huu usikilize wote, usirukeruke.” Ilikuwa albamu Fusing the Roots ya Siti and the Band kutoka Zanzibar, iliyotoka mwaka 2018. Aliniambia anayeimba ni Siti Amina na kwamba ndiye pia anayepiga udi. Nikaisikiliza nikiwa na sare za shule za kushona, tangu mwanzo hadi mwisho. Niliisikia taarabu ninayoijua mimi ikiwa imekaa meza moja na midundo ya vijana, na hakuna aliyemdharau mwenzake. Kwa kuwa alinipa jina, nikaweza kumrudishia: nikamsimulia kuhusu Siti binti Saad, aliyesafiri mpaka Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, kisha nikampigia wimbo wa Bi Kidude. Kijana akakaa akasikiliza, abiria wawili wakampita.

Alichosema kuhusu kutorukaruka nacho ni kikubwa. Albamu ina mpangilio wake. Mtu aliyeamua wimbo huu ufungue na ule ufunge alikuwa na sababu. Kundi la Sauti Sol walipotoa albamu Midnight Train mwaka 2020, redio zilichagua nyimbo chache zikazipiga mpaka watu wakachoka nazo. Ukiisikiliza yote kwa mkupuo, unawasikia watu wanaojua kuimba pamoja, na gitaa la mwenzao Polycarp linapita katikati bila kujitangaza. Usikivu huo unahitaji saa moja tu ya mtu. Tunaitoa kwa mpira, tunaitoa kwa tamthilia, tunaweza kuitoa kwa albamu.

Kwa hiyo nashauri mambo yafuatayo, na kila moja linawezekana kuanzia leo. Ukituma wimbo, andika mstari mmoja chini yake: bendi, mwimbaji, mtunzi, na kitu kimoja ulichokisikia wewe, iwe besi inavyoingia au neno lililokugusa. Usilolijua, sema hulijui, atakayelijua atalijaza. Watangazaji wa vipindi vya zilipendwa, turudishieni desturi ya zamani: tajeni kabla ya wimbo na mtaje tena baada yake. Madijei wa harusini, kipaza sauti mnacho mkononi. Ninyi mnaojaza flashi za watu kwa malipo, faili likiwa na jina kamili mteja atarudi, maana atajua aulize nini. Na mwenye mzee nyumbani aliyewahi kupiga bendi, hata kama ilikuwa ya wilaya isiyovuma, akae naye na kalamu, amtajie alipiga na nani, wapi na lini. Wenye kumbukumbu hizo wanatutoka kila mwaka.

Naanza mimi. Wiki hii kwenye cherehani nimesikiliza Ukumbusho, mfululizo wa nyimbo za Mbaraka Mwinshehe uliotolewa Kenya. Sikiliza solo lake linavyomalizia sentensi ambazo sauti imeziacha. Nimesikiliza Mlimani Park, albamu Sikinde, fuata rizimu. Nimerudia Fusing the Roots kwa ajili ya udi wa Siti Amina. Msomaji, zamu ni yako: mtafute mtu mmoja leo, mpe albamu unayoipenda kuliko zote, na umtajie watu walioitengeneza, mmoja mmoja, kwa majina yao.