Mheshimiwa mbele ya majaji

Siku ya likelemba hapa Mudaka mama mmoja alituuliza kwa sauti ya chini: "Kama mutu iko na gari na walinzi, munaanzia wapi kumushitaki?" Wengine walicheka. Yeye hakucheka.

Tulimkumbusha ya Kavumu, maana ni jirani zetu, njia ile ile ya uwanja wa ndege. Tangu 2013 hadi 2016 watoto wa kike wapatao 40, wengine wachanga, walichukuliwa usiku nyumbani kwao na kubakwa. Hospitali ya Panzi iliwatunza, wazazi walishitaki, lakini kila kesi iliandikwa peke yake, kana kwamba kila usiku ulikuwa na mwizi wake. Jina la depite wa jimbo, Frederic Batumike, mwenye kundi la silaha, nani angelitaja? Na habari zilipoandikwa na magazeti ya Ulaya, zilisikika kwa wakubwa kuliko kilio cha mama wa Kavumu. Hiyo inatuuma mpaka leo.

Alikamatwa Juni 2016. Mahakama ya kijeshi ilihamia Kavumu kwenyewe, Novemba 2017. Waliotoa ushuhuda walifichwa nyuma ya pazia, na sauti zao zikabadilishwa. Udepite haukumkinga: tarehe 13 Desemba 2017 yeye na wenzake 10 walihukumiwa kifungo cha maisha, na rufani ya Julai 2018 ikathibitisha. Fidia ilikatwa dola 5 000 kwa kila mtoto aliyebakwa, lakini serikali haikubebeshwa deni hilo. Mufungwa atalipa na nini?

Yule mama alisikiliza, halafu akasema: ni mtoto wake, na ilitokea jana yake. Hatukungoja kumaliza kuhesabu makuta. Wawili wetu walimsindikiza hospitali saa ile ile, maana dawa za kuzuia sida zinapaswa kuanza kabla ya masaa 72. Mtoto hakuoshwa, nguo hazikufuliwa. Karatasi ya munganga tumeitunza kopi tatu, katika nyumba tatu.

Ameturuhusu kuandika haya bila jina lake. Mashitaka yamepokelewa, yako na numero. Juma lililopita mwenye gari alituma wazee na mbuzi wawili, eti tumalize mambo kijamaa. Mama aliwapa wazee chai, akawafungulia mlango, na mbuzi wakarudi nao.