Binti Kwanza, Jina la Ukoo Baadaye

Wazazi wenzangu wa Mbeya na Iringa, nina ombi moja. Binti akipata mimba kabla ya kumaliza shule, msimpeleke kwa shangazi kijijini akafichwe huko mpaka watu wasahau.

Ninaliandika hili baada ya kurudia kusoma *Rosa Mistika*, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1971. Ni habari za Ukerewe, lakini Zakaria, baba yake Rosa, tunaye Tukuyu, na Mafinga tunaye. Ananasa barua ambayo binti yake ameandikiwa na kijana Charles, anamtwanga. Yeye mwenyewe mlevi. Heshima ya nyumba kaimalizia kwenye pombe, halafu anataka Rosa ndiye ailinde. Kipigo kile kilimfundisha Rosa kuogopa tu. Alipofika bweni, mbali na macho ya baba, hofu haikumsaidia kitu, na hadithi inaishia kwenye kifo chake. Kitabu chenyewe kiliwahi kupigwa marufuku shuleni. Sisi watu wazima ndivyo tulivyo: anayeitaja aibu tunamwona mbaya kuliko anayeisababisha.

Najua jina ni kitu kizito huku kwetu. Mtoto wa Iringa anakua akisimuliwa habari za chifu Mkwawa, aliyekataa kushikwa na Wajerumani mpaka kufa kwake mwaka 1898, na fuvu lake likarudishwa Kalenga 1954. Jina hilo lingalipo, na halijawahi kutegemea tumbo la binti wa kidato cha pili.

Tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu mwanafunzi aliyejifungua kurudi darasani. Kikwazo kilichobaki kiko sebuleni kwetu: baba aliyeapa kwamba hatiwi aibu mara mbili, mjomba anayeuliza watu watasema nini kanisani. Hao watu hawamnunulii binti hata daftari.

Kwa hiyo, bibi, kubali kubaki na mjukuu asubuhi. Baba, mpeleke binti wewe mwenyewe kwa mkuu wa shule, majirani wawaone mkitoka pamoja, yeye akiwa na sare. Mwalimu wa Kiswahili, wape wanafunzi wako nafasi wamjadili Zakaria kwa uwazi. Wengi wanamfahamu kuliko unavyodhani. Na kama mlishamfukuza binti nyumbani, mpigieni simu leo jioni, mwambieni arudi.