Mathenge isiachwe imalize mbuzi wa Baringo

Kazi ya kudhibiti mti wa mathenge katika Baringo na maeneo mengine kame ya Kenya itengewe fedha sasa, kabla wafugaji hawajapoteza mbuzi zaidi.

Mti huu uliletwa Baringo mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa. Nia ilikuwa njema. Lakini maganda yake yenye mbegu ni matamu, na mbuzi anayeyala kwa wingi, mwezi baada ya mwezi, hudhurika mara mbili. Sukari hunata mdomoni na kuozesha meno hadi yang'oke. Sumu iitwayo juliprosopini nayo hushambulia neva zinazoendesha taya: mnyama hutafuna kwa taabu, mate yanamchuruzika, chakula kinamdondoka, na anakonda nyasi zikiwa mbele yake.

Kilio cha wafugaji si kipya. Mwaka 2006 wakazi walikwenda mahakamani na mbuzi asiye na meno kama ushahidi.

Kukata pekee hakutoshi, kwani kisiki huchipuka tena, na mbegu nzima hupita tumboni na kuota kwenye kinyesi. Maganda yakisagwa, mbegu huvunjika, na unga wake, ukichanganywa kwa kiasi kidogo na lishe nyingine, huwa chakula kizuri. Wenye dhamana wang'oe visiki kandokando ya malisho na mito, na wapeleke mashine za kusaga na maafisa wa mifugo vijijini kabla ya ukame ujao, wakati mbuzi hawana kingine cha kula.