Bweni Jipya Lisimdhuru Anayejengewa



Ndugu msomaji, ukipita leo katika shule na seminari nyingi za Kanisa hapa Tanzania, utakuta marundo ya mchanga na kokoto, nondo zilizosimama, na bweni au bwalo linaloinuka hatua chache kutoka madarasani. Tunamshukuru Mungu. Majengo haya ni jasho la waamini: matoleo ya Jumapili, michango ya jumuiya ndogondogo za Kikristo, kuku na magunia ya mahindi yaliyonadiwa baada ya Misa. Hata hivyo, lipo swali ambalo harambee zetu huliuliza kwa nadra: jengo linapojengwa, nani anawalinda wanaoishi kando yake?

Nyumba ya mtu hujengwa kwanza, kisha watu wakahamia. Shule hupanuliwa watoto wakiwa ndani. Shimo la choo lililochimbwa asubuhi na kuachwa wazi linamsubiri mvulana wa kidato cha kwanza anayetoka kujisomea usiku, umeme ukiwa umekatika. Na hatari haiishi kazi inapokwisha. Tarehe 23 Septemba 2019, huko Dagoretti, Nairobi, jengo la madarasa la ghorofa liliporomoka asubuhi wanafunzi wakiwa ndani. Watoto wasiopungua saba walifariki dunia. Walikuwa wamekwenda shule tu, kama wetu.

Maandiko Matakatifu hayakuwaachia wahandisi peke yao jambo hili. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, aya ya 8, kinamwagiza anayejenga nyumba mpya azungushie dari yake ukingo, asije akabeba hatia ya damu ya mtu atakayeanguka kutoka juu. Ukingo huo ni sehemu ya nyumba. Kwetu sisi, uzio wa eneo la ujenzi mara nyingi huhesabiwa kuwa gharama ya ziada, na ndio wa kwanza kufutwa bajeti inapobana.

Jambo la pili ni haraka. Tarehe ya kubariki jengo hupangwa mapema, Askofu akaalikwa, kwaya zikaanza mazoezi, na kuanzia hapo ratiba ya sherehe ndiyo inayomwendesha fundi. Zege halijui sherehe. Linahitaji kumwagiliwa maji walau wiki ya kwanza, na kwa desturi ya kihandisi nguvu yake hupimwa siku ya 28. Mbao za kulishikilia zikitolewa kabla ya wakati ili rangi ipakwe upesi, wageni wataona ukuta mzuri. Udhaifu watabaki nao watakaolala chini yake.

Tatu ni mafundi na wasaidizi wao. Sheria za Kanisa, Kanuni ya 1286, zinawataka wasimamizi wa mali za Kanisa kuzingatia sheria za kazi za nchi na kuwalipa wafanyakazi ujira wa haki. Tunaowafundisha mafrateri mafundisho jamii ya Kanisa tangu *Rerum Novarum* ya mwaka 1891, tutawaeleza nini wakimwona saidia fundi akipanda jukwaa la miti bila kofia ngumu, na Jumamosi akirudi kwake mikono mitupu? Seminari hufundisha hata pale mwalimu anapokuwa hayupo.

Kazi za mikono ni urithi mwema wa seminari zetu, wala hatusemi ziachwe. Kijana asombe mchanga kwa kiasi, amwagilie zege, apande miti. Lakini kumpandisha juu ya jukwaa au kumshusha shimoni si malezi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kupewa kazi za hatari, na joho la mseminari halimwondoi katika ulinzi huo.

Wapo watakaosema fedha ni kidogo. Ni kweli. Lakini miti na mabati chakavu vinatosha kuzungushia shimo, na kuahirisha sherehe kwa mwezi mmoja hakuhitaji mfadhili. Tunapendekeza basi mambo matatu. Kila bajeti ya ujenzi inayosomwa kanisani itaje waziwazi fedha za uzio, vifaa vya usalama na ujira wa mafundi. Tarehe ya baraka itangazwe baada ya mhandisi kuridhika kwa maandishi. Na halmashauri ya walei, pamoja na Padre Gombera, watembelee eneo hilo mara moja kwa mwezi wakiwa na mtu anayeijua kazi.

Wewe uliyetoa tofali lako una haki ya kuuliza limewekwaje. Jumapili ijayo, mchango wa bweni ukitangazwa, toa kwa moyo. Kisha mwulize mwenyekiti wa ujenzi kama lile shimo limefunikwa.