Acheni kuweka 777 kwa kila kitu

Wasee wa PHP, tuambiane ukweli. Kila tovuti ikianguka tunasema ni mtandao wa Turkana. Mara ngapi ni sisi?

Mimi ni mmoja wenu. Nikiwa hapa Lorugum nilitengenezea muuza mbuzi wa Lodwar tovuti ya Laravel. Kwa laptopu ilikimbia poa. Nikaipandisha kwa seva, ikagoma. Kumbe nilibeba bootstrap/cache/config.php kutoka Windows, na ndani imejaa C:\xampp\htdocs. Seva ya Linux haijui hiyo C yako!

Nikarekebisha, sasa ikasema haiwezi kuandika kwa folda ya keshi. Nikafungua video, jamaa akasema weka chmod 777. Nikaweka, ikakubali, nikajiita fundi.

Fundi gani? 777 inaambia kila mtumiaji wa ile seva: ingia, soma, andika, futa. Ni kulaza mbuzi kwa boma halina ua wa miiba, alafu asubuhi unalaumu fisi.

Na sikuishia hapo. Nilielekeza seva kwa folda nzima ya mradi badala ya public. Faili ya .php seva huiendesha, lakini .env huenda ikamwagwa vile ilivyo, na pasiwedi ya databesi ndani. Hiyo databesi ina namba za simu za watu walioniamini.

Mtaniambia ati mteja haoni hayo mambo. Ndio maana ni jukumu lako! Sheria ya Ulinzi wa Data iko Kenya tangu 2019, na haijasema Lorugum tumesamehewa.

Dawa si ngumu. Seva ielekezwe kwa public peke yake, .env ibaki nje yake. Njia za mafaili zianze na __DIR__, iko kwa PHP tangu 5.3 ya 2009. Folda za storage na bootstrap/cache zimilikiwe na mtumiaji anayeendesha PHP, 775 inatosha. Na php artisan config:cache iendeshwe kwa seva yenyewe, tena kila ukibadilisha .env.

Leo kabla ulale, fungua tovuti uliyotengeneza, ongeza /.env mwisho wa anwani. Ikifunguka, usinipe like. Funga hiyo kitu kwanza, badilisha pasiwedi zote, alafu umpigie mteja umwambie ukweli. Mimi nilipiga. Ilikuwa simu ngumu.